Hakuchezwa Huyo

Kilichoniponza Mtwara ni kujua Kiswahili.

Wenzangu wa Kisumu waliopata kazi nje ya Kenya walijiandaa. Mmoja alipelekwa Juba, akanunua kitabu cha Kiarabu na kukisoma mpaka kikaachia gamba. Mwingine alikwenda Kigali, akashinda wiki mbili kwenye simu anajifunza kuamkia kwa Kinyarwanda. Mimi nilipopewa mkataba wa kupima ubora wa korosho kusini mwa Tanzania nilinunua begi na dawa ya mbu. Ya nini kujisumbua? Nilikuwa na A ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari. Ngeli nilizipanga vidoleni, ushairi niliuchambua, methali nilizikariri kwa mafungu. Nilijiona nahama mkoa, sihami nchi.

Nikaingilia Namanga, nikalala Dar es Salaam, alfajiri nikapanda basi la kusini. Ni kilomita 560 hivi. Ukishavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, dirishani inabaki minazi, mikorosho, halafu mikorosho tena. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2018. Mtwara mjini nikapanga vyumba viwili Magomeni, uani kwa mama mmoja wa Kimakonde aliyekwisha kupata wajukuu. Hapa nitamwita mama mwenye nyumba, maana alishaniambia mambo ya kuandikwa jina mitandaoni hayataki.

Siku ya tatu nilitoka na ndoo kwenda bombani. Bomba lilikuwa moja, la nyumba zote za uani na mbili za nyuma, na maji hayatoki muda wote. Nilikuta wanawake wanne, ndoo zimepangwa, mazungumzo yamenoga. Mimi nilikuwa nimechelewa. Nikasema, "Hii ndoo ni ya nani? Toa hapa niweke yangu."

Sikuwa na hasira hata chembe. Kwetu hayo ni maneno ya kawaida kabisa. Mtu anatoa ndoo, unaweka yako, mnaanza kupiga stori. Mmoja akaisogeza bila neno. Nikajaza, nikasema asante, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke mzito aliyekuwa amekaa juu ya dumu:

"Hakuchezwa huyo."

Wenzake wakacheka, kile kicheko cha kufunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Sasa wewe msomaji wa Kitanzania umeshacheka. Mkenya mwenzangu, subiri kidogo. Kwetu mtu "akichezwa" maana yake amelaghaiwa, ameingizwa mjini. Mwanamume akimdanganya mwanamke, tunasema amemcheza. Kwa hiyo mimi nilisikia sifa: huyu hadanganyiki, huyu mjanja. Jioni nikampigia dada yangu simu. Nikamwambia, "Hata wiki haijaisha, watu wa huku washajua mimi sichezwi." Akanipongeza.

Nilitembea na sifa hiyo zaidi ya mwezi mzima.

Msimu ule wa korosho ulikuwa wa ajabu. Kazi yangu ni ndogo ukiitazama. Unachukua kilo moja ya korosho ghafi kutoka kwenye magunia mbalimbali, unahesabu punje, unazipasua moja moja kwa kisu. Nzima unaweka huku, zilizosinyaa kule, zilizooza au zenye madoa pembeni. Unapima uzito wa viini, unapiga hesabu, ukimaliza unajua mnunuzi atapata nini kwenye gunia. Utomvu wa ganda unaunguza. Ukisahau kupaka mafuta, vidole vinabambuka kama vya mtu aliyeshika sufuria la moto. Nilikuwa tayari kwa hayo yote. Sikuwa tayari kwa kukosa kazi. Wakulima waliikataa bei ya mnadani, wakagoma kuuza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya na kuzisafirisha. Wanunuzi binafsi, na sisi tukiwamo, tukakaa kando. Bosi wangu akasema tusubiri.

Nikasubiri barazani kwa mama mwenye nyumba. Naye si mtu wa kumwacha mtu akae bure.

Alianza na mdomo wangu. "Mwanangu," akaniambia, "Kiswahili chako kizuri, lakini unaongea kama karani wa mahakama. Unafika na shida mkononi." Alikuwa na haki. Mtaani kwake mtu hafiki na shida. Anafika na hodi, hata kama mlango uko wazi na anakuona umekaa. Kama wewe ni mkubwa kwake, anakupa shikamoo, na anangoja marahaba yake kabla hajaendelea. Hairushwi kama jiwe huku mtu anapita. Kisha umeamkaje, kisha watoto, kisha za tangu jana. Kama jana ulikuwa unakohoa, kikohozi chako nacho kinaulizwa. Siku moja nilihesabu: jirani aliyekuja kuomba chumvi alipita maswali sita ndipo akaitaja chumvi. Mimi wiki zile za kwanza kila swali nilikuwa nalijibu "poa". Mama mwenye nyumba akaniambia poa waachie vijana wa bodaboda.

Halafu kuna "naomba". Dukani Mtwara mtu mwenye pesa yake mkononi anasema naomba sukari nusu. Naomba mkaa. Naomba nauli yako, ndivyo asemavyo kondakta, ambaye anakudai! Mimi nilizoea "nipe". Nipe chai, leta chapati, ongeza supu. Mwalimu wangu alinifundisha kitenzi cha amri, umoja na wingi, hali yakinishi na hali kanushi. Hakuna siku aliyoniambia nikitumie kwa nani. Sikuwa nalijua hili: neno lile lile, sarufi sahihi kabisa, na bado mama wa mgahawani anakuangalia kama umemrushia mfupa. (Desemba niliporudi nyumbani nikaenda duka la mtaani Kisumu nikasema naomba mkate. Muuzaji akanitazama juu mpaka chini. "Unaomba ama unanunua?")

Na tusisahau bibi. Kwetu bibi ni mke. Nilimuuliza mlinzi wa ghala, kijana wa miaka thelathini na kitu, "Bibi yako hajambo?" Akajibu kwa masikitiko kwamba bibi yake alifariki zamani, yeye akiwa mdogo. Nikampa pole, huku nashangaa walikuwa wanawaoza wangali watoto.

Siku niliyoipata maana ya "hakuchezwa" tulikuwa tunakula ming'oko. Kama huijui, ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, wanawake huvichimba msituni na kuja kuviuza. Unavichemsha, unabambua ganda kwa kucha, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mimi, kwa kutaka kujipendekeza, nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba majirani zake walinielewa mapema. Walishaona kwamba mimi si wa kuchezwa.

Akaacha kutafuna. "Walisemaje?"

Nikarudia, na sauti ya yule wa kwenye dumu nikaiiga.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Alicheka, akanyamaza, akanitazama, akaanza upya. Alipopata pumzi akanieleza. Kuchezwa ni ngoma. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na kungwi: namna ya kuamkia, kujibu, kukaa mbele ya wakubwa, kujitunza mwili, kuishi na mume na kuishi na watu. Siku ya kutoka ngoma zinapigwa, anavishwa kanga mpya, anashangiliwa na kutunzwa. Huyo ndiye aliyechezwa. Ambaye hakuchezwa ni mtu aliyekua tu, kama mkorosho uliojiotea.

"Kwa hiyo walisema sina adabu," nikasema.

"Hapana. Walisema hakuna aliyekufunza." Akamenya ming'oko mwingine, akanipa. "Wewe huna kosa. Kosa la kwenu."

Nadhani ningeona nafuu kama angenitukana mimi peke yangu. Nilimfikiria mama yangu kule Siaya, aliyenilea kwa fimbo na Biblia, ambaye hajui kama kuna mji unaitwa Mtwara, na ambaye pale bombani alikuwa amehukumiwa kwa ajili ya ndoo moja ya lita ishirini. Usiku nilirudia maneno yale kimyakimya: toa hapa niweke yangu. Ni kweli, yakisemwa pale yalikuwa mabaya. Na ni kweli pia kwamba Siaya yasingekuwa na ubaya wowote. Ilinichukua muda kukubali kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kwamba mimi ndiye niliyepanda basi, kwa hiyo mimi ndiye wa kubadili sentensi.

Asubuhi nikaenda bombani. "Shikamooni. Samahanini jamani, naomba mnipishe kidogo nikinge, nimechelewa." Yule wa kwenye dumu akaitikia marahaba ndefu sana, ndefu kupita kiasi, wenzake wakaangua kicheko. Lakini ndoo walinisogezea wenyewe.

Niseme jambo kuhusu unyago, ndiyo hayo mafunzo na ngoma za kuchezwa, kwa sababu wageni wengi hapo ndipo wanapoharibu. Likizo ya Desemba ngoma zilisikika usiku, mbali, kisha karibu. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi alikuja kunitembelea na kamera nzuri ya gharama. Alitaka aone, apige picha, "tuhifadhi utamaduni". Akaniomba nimuulizie mama mwenye nyumba kama ataruhusiwa kuingia ndani kwa mwali hata kwa dakika kumi. Nilikataa kuuliza. Akaniona mwoga. Akauliza mwenyewe.

Mama mwenye nyumba hakukasirika. Alimkaribisha chai, akamuuliza habari za Nairobi, akamsifia viatu. Chai ikaisha, swali likabaki pale pale, halijajibiwa wala halijakataliwa, mpaka adhana ya alasiri akanyanyuka kwenda kuswali. Rafiki yangu akadhani hakusikika. Alisikika. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Mimi mwenyewe sijaona kinachofanyika ndani, na sasa ni miaka mingi. Siku mwali anatolewa nje huwa nakwenda, natunza, nashangilia. Kilichofanyika kabla ya hapo sikiulizi. Hiyo haina maana kwamba nakubali kila kitu. Msichana wa darasa la tano akiambiwa kuanzia leo yeye ni mtu mzima, mimi roho inanidunda, na mama mwenye nyumba nimemwambia, kwa sababu aliniuliza. Tukabishana. Yeye akasema kilichoharibika ni watu kuwapeleka watoto wadogo mno, enzi zake haikuwa hivyo. Hilo aliniambia mimi, barazani, na baada ya mwaka mzima. Angenyamaza kama ningekuja na swali hilo wiki ya kwanza na kalamu mkononi.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa bombani.

Januari 2019 nilishtushwa alfajiri na kilio kutoka nyumba ya tatu. Mzee wa pale alikuwa mgonjwa, nikajua amefariki. Nikasikitika, nikaoga, nikavaa suruali ya jinzi nikaenda ofisini ambako kulikuwa na karatasi za kusaini. Moyoni nilishapanga: nitapeleka mchango wangu jioni, niulize kamati imepanga mazishi lini, nijipange.

Mjaluo ananielewa. Kwetu kifo ni safari ndefu. Mwili unakwenda mochwari, kamati inaundwa, tangazo linasomwa redioni, ndugu wanangojewa, gari linakodiwa, turubai, ng'ombe, mkesha, halafu Jumamosi ndipo kuzika. Baba yangu mdogo alikaa mochwari siku kumi na tisa akimngoja mwanawe kutoka Marekani. Kuharakisha kuzika ni kama kumtupa mtu.

Nilifika msibani saa kumi na moja jioni. Wanaume wamekaa nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Nikavuta kiti, nikaketi katikati yao. Nikatoa pole. Nikauliza mazishi yamepangwa siku gani.

Walitazamana. Mmoja, kijana, akajibu kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Tumeshazika, dada. Baada ya adhuhuri."

Mtu niliyekuwa nampa shikamoo kila asubuhi alikuwa chini ya udongo, na wakati wanambeba mimi nilikuwa nasaini karatasi ambazo zingeweza kungoja mwezi mzima. Yule kijana akanionyesha mlango kwa kidevu. Wanawake walikuwa ndani. Kabla sijanyanyuka mama mwenye nyumba akatokea, akavua kanga moja kati ya mbili alizojitanda, akanifunga kiunoni pale pale mbele ya wanaume wote, akakaza fundo kama anafunga mzigo, akanishika mkono akaniingiza.

Ndani tulikaa chini kwenye mkeka. Hakuna aliyenisema. Uani nyuma kulikuwa na moto wa mafiga, masufuria makubwa, wanawake wanamenya, wanapepeta, wanachota maji. Nikatoka nikataka kusaidia. Yule wa kwenye dumu alikuwa anakata vitunguu. Nikanyoosha mkono. "Kaa, mgeni," akasema. "Kaa upumzike."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo niliiandikia insha kidato cha pili, nikapata alama kumi na saba kwa ishirini. Nilikuwa na mwezi wa nne Mtwara na hakuna aliyenipa hata kisu.

Siku tatu za matanga nilikwenda kila siku, nikakaa mkekani. Hapo ndipo nilipoona jambo jingine. Yalipokuja mazungumzo ya nani atawaangalia watoto wadogo wa marehemu, mimi nilitazama upande wa kaka zake. Kwetu ndio wangekuwa wanazungumza, tena kwa sauti. Hawakuzungumza. Mjane alikuwa na kaka yake, mtu mfupi aliyevaa kofia ya kiua, hakuwa amesema neno siku nzima. Alipokohoa, watu wakanyamaza. Mjomba wa watoto. Wamakonde, Wamakua, Wamwera, Wayao, wote hawa kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Dini na sheria na mji vimechanganya mambo, urithi siku hizi wengine wanagawa kwa sharia, wengine wanakwenda mahakamani, lakini mjomba akikohoa bado watu wananyamaza.

Baadaye nilimuuliza mama mwenye nyumba kama kiwanja kile alipewa na mumewe. Swali la kijinga, nalijua leo. Kiwanja kilikuwa cha mama yake. Mume alikuja na begi, akakaa miaka ishirini na mbili, wakashindwana, akaondoka na begi. Alivyosimulia, mwenye masikitiko ni mimi tu. Nimetoka mahali ambapo mtoto wa kiume hujengewa kibanda chake ndani ya boma la baba na mtoto wa kike hujua tangu mdogo kwamba pale anapita tu. Usiku ule nilikaa macho nikijaribu kumwona mama yangu akiwa na kiwanja.

Ramadhani yangu ya kwanza sitaisimulia yote. Nitataja sahani tu. Jioni ya pili mtoto alitumwa na sahani ya mihogo ya nazi na tambi, imefunikwa kawa. Mimi si Mwislamu, sikuwa nimefunga, na mchana wake nilikuwa nimetafuna maandazi barabarani bila kuwaza. Nikala futari ile, nikaosha sahani ikang'aa, nikairudisha. Kesho yake ikaja nyingine. Nikaosha, nikarudisha. Wiki ikaisha. Mama mwenye nyumba akashindwa kuvumilia: "Wewe sahani ya watu unairudisha inalia njaa?" Tangu hapo hairudi tupu. Hata kama ni ndimu mbili.

Ninachokipenda zaidi kuliko vyote ni utani, na huo hakuna aliyenifundisha, nilitupiwa. Kona ya mtaa kuna wazee wanaocheza bao, na huwezi kupita bila kuwaamkia. Siku moja mmoja wao, alipojua natoka Kenya, akaacha kete hewani. "Aa, ninyi. Ninyi ndio mlipigana mpaka ikabidi mtu wa Lupaso aje kuwaamua."

Mwaka 2008, nchi yetu ilipochanika baada ya uchaguzi, wapatanishi waliokuja Nairobi walikuwa Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa, Rais mstaafu wa Tanzania. Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mkoani hapa hapa. Februari 28 mapatano yakasainiwa. Mimi Kisumu nilikuwa mtoto wa shule, nimejifungia ndani, nasikia risasi. Mkapa kwangu alikuwa sauti nzito redioni. Sasa nilikuwa nimesimama jirani na kwao, nachekwa kwa ajili ya vita vyetu.

Ningeweza kuona uchungu. Sijui nini kilinijia. Nikasema, "Mzee wangu, alikuja kweli, lakini mbona mlimtuma bila korosho? Angekuja na gunia moja tungeacha siku ile ile."

Wakapiga makofi. Kuanzia hapo nikawa mtani. Nikipita wananidai faini ya kupitisha Ukenya mbele ya bao lao. Nami nawauliza lini watanilipa Kilimanjaro yetu. Rafiki zangu wageni wengine wanaona utani huu kama dharau. Mimi naona kinyume. Wiki zile nilipokuwa sijui kitu, hakuna aliyenitania. Walikuwa na adabu tupu kwangu, adabu ya kumwekea mgeni kiti.

Ila kuna siku utani ulikata. Mzee yule yule, bila kucheka, aliniuliza: "Na wenzetu walioko Kwale, mlishawapa vitambulisho?"

Nilijua anachouliza, na nilitamani nisingejua. Wakati wa ukoloni Wamakonde walikwenda Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa pwani. Wengi asili yao Msumbiji, lakini kwa Mmakonde Ruvuma ni mto tu, una ndugu huku na ndugu kule. Wakazaa, wakajukuu, na Kenya ikaendelea kuwaita wageni. Hawakuwa na kitambulisho, hawakuweza kufungua akaunti ya benki, hawakupiga kura. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki hiyo, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

"Walipewa, mzee," nikasema.

"Baada ya miaka mingapi?"

Mfukoni nilikuwa na kibali changu cha kazi na kibali cha ukaazi daraja B. Nilishavilalamikia sana; foleni, ada, barua ya mwenyekiti wa mtaa, nenda leo rudi kesho. Vilitoka kabla mwaka haujaisha. Sikuwa na jibu, na yeye hakuling'ang'ania. Akarudisha macho kwenye bao. Nilipotaka kuondoka akaniambia nimsalimie mama yangu.

Julai 2020, wiki aliyofariki Mkapa na kuzikwa Lupaso, nilipita pale konani nikakuta bao limefunikwa gunia. Nikavua viatu, nikakaa nao mkekani kidogo. Hakuna aliyenidai faini.

Nimalizie na mwaka jana. Ilikuwa alfajiri, Jumatano, kilio kikasikika nyumba ya nyuma. Sikuchemsha chai. Nilivaa gauni, nikajifunga kanga moja, nyingine nikajitanda, nikakunja elfu kumi ya ubani ndani ya kiganja. Ofisini nikatuma ujumbe wa neno moja: nimefiwa. Nilifika wakati wanaume bado wanatafutana kwenda kuchimba kaburi. Nikapita mlango wa wanawake, nikavua viatu, nikatoa pole. "Poleni na msiba." "Wetu sote," wakaitikia. Nikakaa. Mwili ulipotolewa nililia nao, kwa sababu marehemu ndiye aliyewahi kunibeba kwenye baiskeli yake nikiwa na malaria.

Jeneza lilipoondoka nikaenda uani. Moto ulikuwa umeshawaka. Kulikuwa na wanawake waliotoka Newala usiku ule, hawanijui. Mmoja akanikazia macho, akauliza huyu mrefu ni wa kwa nani, mbona akisema kuna kitu kinakwama.

Aliyejibu alikuwa yule wa kwenye dumu. Sasa ana mvi, na miguu inamsumbua, amekaa kwenye kibao cha mbuzi.

"Huyo Mkenya wetu. Hakuchezwa huyo," akasema. Akaniangalia nilivyojifunga kanga, akavuta fundo lake kidogo upande, likae sawa. "Ila anafundika."

Kisha akachukua kisu akanikabidhi upande wa mpini. "Vitunguu vile pale. Na usivikate vinene kama vya kwenu."